Mtoto anatetemeka pembeni ya ziwa: tafuta sababu kabla ya kuwasha makala (makaa)

Jumamosi mchana, kama hakuna mvua, ninapeleka watoto watano kwenye Ziwa Kivu, hapa Goma, mashariki mwa Kongo: wawili wangu na watatu wa dada yangu. Ikifika saa kumi, lazima mmoja wao asimame juu ya jiwe jeusi la volkano, mikono imekumbatia mbavu, meno yanagongana kama bidoni (madumu) tupu juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kisha aniapie: "Papa, mi siko nasikia baridi!"

Anadanganya, ila si sana. Ngozi iliyopoa muda mrefu huacha kulalamika, na mtoto akiwa katikati ya mchezo hasikii hata njaa. Kwa hiyo swali la "unasikia baridi?" nimeliacha. Ninaangalia mwili, halafu najiuliza baridi hiyo imeingilia wapi. Kutetemeka ni kule kule, lakini sababu ziko nyingi, na dawa ya sababu moja inaweza kuwa sumu kwa nyingine. Nimepanga mwongozo huu kwa kufuata kile unachokiona kwa macho.

Kwanza, tuelewane kuhusu mji wetu. Wageni hushangaa kwamba mtu anaweza kupatwa na baridi Goma, karibu kabisa na ikweta. Wanasahau kwamba tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi kama 6. Maji ya juu ya Ziwa Kivu huwa kati ya nyuzi 23 na 25 mwaka mzima. Kwa bia hiyo ni vuguvugu. Kwa mwili wenye nyuzi 37 hayo ni maji ya baridi, maana mtu aliyekaa majini bila kujisogeza huhitaji maji ya nyuzi 33 hivi ili asipoteze joto. Na maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa ya kiwango hicho hicho. (Jambo la ajabu ni kwamba ziwa letu, ukishazama sana, joto huanza kupanda tena, hadi nyuzi 26 kule chini kabisa. Lakini huko ni karibu mita 480, tena kumejaa gesi. Hakuna wa kwenda kuota moto huko.)

Anatetemeka akiwa bado ndani ya maji

Mara nyingi huyu ni mdogo kuliko wenzake, au ni mwembamba, au hajala. Kikombe cha chai hupoa kabla ya sufuria. Mtoto mdogo naye ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, na mafuta ya kumkinga ni kidogo. Usimpime kwa kaka yake. Kaka anaweza kukaa saa nzima akicheka, mdogo akawa amekwisha ndani ya robo saa.

Angalia pia anacheza vipi. Anayeogelea anatengeneza joto. Aliyesimama maji yakiwa kiunoni, juu amevaa shati lililolowa, anapigwa mara mbili: chini na maji, juu na upepo. Huyo mwambie achague, azame hadi mabegani na kuogelea au atoke. Shati la pamba livuliwe kabla ya kuingia.

Halafu njaa. Kutetemeka ni kazi ya misuli, na kazi hiyo inatumia sukari. Mtoto aliyetoka nyumbani na chai kavu ya asubuhi hana cha kuchoma. Siku hizi siondoki bila mandazi na chupa ya uji wa masoso (unga wa mahindi, soya na mtama), na wanakula kabla ya kuingia, hawangoji watoke.

Dalili moja ya mapema watu huipuuza: anaomba kwenda kukojoa kila mara. Baridi inasukuma damu kutoka kwenye ngozi kwenda ndani, figo zinaona damu imezidi, zinatoa maji. Akitoka mara ya pili kwa ajili ya mkojo, mimi simrudishi.

Majini alikuwa mzima, ametoka ndipo anatetemeka

Hapa ndipo Jumamosi zetu nyingi huharibika, na miaka yote nilikuwa nalaumu ziwa bure. Mtoto anasema ndani ya maji kuna joto kuliko nje. Ni kweli! Saa kumi na moja hewa ya Goma inaweza kuwa imeshuka chini ya nyuzi 20, maji bado ni 24. Anatoka, upepo unampiga, maji yaliyobaki mwilini yanaanza kukauka, na kila tone likikauka linaondoka na joto. Kukausha lita moja ya maji kunakula kilokalori 580 hivi. Chukua shati lililobeba robo lita tu: ukimwachia mtoto alikaushe kwa mwili wake, umemdai kilokalori 145, kijana ambaye mchana amekula mandazi mawili.

Zaidi ya hapo, mwili unaendelea kupoa kwa dakika kadhaa hata baada ya kutoka. Ile damu iliyokuwa imejificha ndani inarudi kwenye mikono na miguu, inapoa huko, inarudi moyoni na ubaridi wake. Kwa hiyo usishtuke akitetemeka zaidi baada ya dakika tano kuliko pale alipotoka. Shtuka kama nusu saa imepita, amekauka na amefunikwa, na bado hali ni ile ile.

Kosa langu lilikuwa mpangilio. Nilikuwa nampa kwanza chai ya moto, amekaa na nguo mbichi. Hiyo ni kujaza bidoni iliyotoboka. Sasa tunafanya hivi: namzungushia kikwembe (kitenge), anavua kila kitu humo ndani, hata kaptula (wasichana wakubwa wanashikiana kikwembe wenyewe, mimi nageuka kuangalia mitumbwi). Namfuta kuanzia kichwani, kwa kugandamiza kitambaa bila kukwangua. Nywele zikiwa nyingi, nazo ni sponji. Kisha sweta kavu, kofia, soksi kama zipo. Hapo ndipo uji unakuja, vuguvugu na wenye sukari.

Angalia pia amesimama juu ya nini. Jiwe jeusi likiwa limepigwa jua tangu asubuhi ni mbabula (jiko la makaa) ya bure. Watoto wenyewe wanajua, wanajilaza kifudifudi kama mijusi. Wingu likifunika, jiwe lile lile linaanza kunyonya. Muwekee kambambili (ndala) au gunia chini.

Na kuna safari ya kurudi. Hii nimeijua kwa aibu. Siku moja nilikuwa nimechoka, nikawapakia wawili kwenye pikipiki na nguo zao mbichi, mdogo akakaa mbele ya dereva. Kutoka ziwani hadi kwetu si mbali, lakini mtoto wa mbele ndiye ngao ya upepo wa pikipiki. Tulipofika alikuwa hawezi kufungua vidole vilivyoshika usukani. Mama yake hakusema neno, alimchukua tu mikononi mwangu, na nilisikia maneno yote. Tangu siku hiyo, aliyelowa hapandi mbele, na asiye na nguo kavu anatembea kwa miguu, tena kwa haraka, apate joto.

Hakwenda ziwani: alicheza mvua, matope, mtaro

Usifikiri huyu ana nafuu. Mvua ya huku inatoka juu ikiwa baridi kuliko ziwa, na watoto wanapenda kusimama pale bati linapomwaga, maji yote ya paa yanawashukia kichwani. Ikichanganyika na mvua ya mawe, dakika kumi zinatosha.

Matope yana ujanja wake. Kwa Goma mchanga wetu mweusi unadondoka wenyewe ukikauka, ila ndugu zetu wa Bukavu, wenye udongo mwekundu unaonata, wanajua ninachosema: tope ni nguo mbichi isiyovulika. Linashikilia maji juu ya ngozi, na huwezi kumkausha mtoto kabla ya kumwosha, maana yake analowa mara ya pili. Basi maji ya kuogea yawe tayari kabla hujamwita ndani. Yawe vuguvugu, uyapime kwa kiwiko chako. Mtoto aliyekufa ganzi hawezi kukuambia kwamba maji yanamuunguza. Mwoshe ndani, mlango umefungwa. Ule mtindo wa kummwagia ndoo ya maji ya tanki uani, upepo ukivuma, ndio unaomaliza kazi ambayo matope yaliianza.

Ukimaliza, geuza nyayo. Miguu iliyopoa haisikii, na mawe ya volkano yanakata kama chupa. Nimewahi kukuta mpasuko wa urefu wa kidole chini ya mguu wa mtoto aliyekuwa anacheka. Jeraha lenye udongo lisafishwe kwa maji mengi na sabuni, na uangalie kadi yake kama chanjo ya pepopunda iko sawa.

Rangi na vidole

Vidole vilivyokunjamana kama vya bibi si dalili ya hatari. Mishipa ya fahamu hukunja ngozi ikishakaa majini, hata maji yakiwa ya moto.

Midomo ya bluu pamoja na kutetemeka: toka sasa, fuata mpangilio wa hapo juu, kwa kawaida rangi hurudi akishapata joto. Midomo na ulimi vikiwa vya bluu, au anahema kwa shida, hiyo si baridi tu. Nenda kituo cha afya.

Vidole vikigeuka vyeupe kabisa kama chaki, kisha bluu, kisha vyekundu na kuuma vikipata joto, tena kila mara anapogusa maji ya baridi, mishipa yake midogo ya damu inajifunga kupita kiasi. Mara nyingi haidhuru, ila daktari aione.

Vipele vinavyowasha, vilivyovimba kama vya upupu, pale tu maji yalipogusa: mwili wake unakataa baridi yenyewe. Wengi hudhani ni uchafu wa ziwa, wanabadilisha sabuni. Jaribu nyumbani kumpitishia mkononi kitu cha baridi kwa dakika chache. Vikitoka hapo umepata jibu. Mtoto wa namna hii asiruke majini mwili mzima mpaka amwone daktari. Anaweza kuishiwa nguvu ndani ya maji, na hapo hakuna wa kuuliza ni sabuni gani.

Dole gumba halifiki kwenye kidole kidogo

Hiki ndicho kipimo changu, hakihitaji chombo. Mwambie agusishe dole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Akishindwa, baridi imeshafika kwenye misuli. Anayeogelea utamwona vidole vinaachana, hawezi kuvibana, na mkono haushiki tena maji. Mtu wa hivyo anazama huku anajua kuogelea. Baadaye utaona anajikwaa, anaangusha vitu, hawezi kufunga kifungo, maneno yanakokota kama aliyekunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Mchezo wa siku hiyo umekwisha.

Kutetemeka kumekoma, lakini mwili bado wa baridi

Wazazi wengi hapa wanashusha pumzi, na hapa ndipo panatisha kuliko pote. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 mambo yanaanza kuharibika, na ukiendelea kushuka unakosa nguvu hata za kutetemeka. Mtoto ananyamaza, anataka kulala, anajibu mambo yasiyoeleweka, wakati mwingine anakataa kufunikwa.

Mlaze, usimtembeze. Mvue nguo mbichi, ukate kwa mkasi kama inabidi. Mfunike pamoja na mtu mwenye joto, kifua kwa kifua, ndani ya blanketi moja, kichwa kimefunikwa. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa ziwekwe kwapani na kifuani. Usimsugue mikono na miguu, unairudisha damu ya baridi moyoni kwa kasi. Usimpe pombe hata tone, najua kuna wajomba wanaoamini kijiko cha kiki. Pombe inafungua mishipa ya ngozi na kumwaga joto lililobaki. Kinywaji apewe tu kama yuko macho na anameza vizuri. Na wakati unafanya haya yote, mtu mwingine awe ameshatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Anatetemeka, lakini ukimgusa ni wa moto

Hiyo ni homa. Usimrundikie blanketi. Bibi yangu mpaka leo anasema malaria ya watoto inatoka ziwani, na sibishani naye mezani. Lakini mbu aliyeleta malaria ya leo aliuma wiki moja au zaidi iliyopita, na ziwa la leo limetukuta ugonjwa ukiwa tayari ndani. Ugumu ni kwamba kipimajoto cha kwapani kinadanganya mtu akitoka majini, kinasoma chini. Mkaushe, ngoja nusu saa, ndipo upime. Ikifika nyuzi 38, apimwe damu siku hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu.

Kizunguzungu, kichwa kinauma, anataka kulala

Simama hapa, maana kwetu dalili hizi zina sababu ambayo vitabu vya ng'ambo havikuandikia. Mtoto mwenye baridi hutafuta kijishimo kisicho na upepo, ajikunyate humo. Pembezoni mwa ziwa, hasa upande wa magharibi wa mji, kijishimo kama hicho kinaweza kuwa na mazuku. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hutuama mabondeni, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haionekani. Mtu mzima aliyesimama anaweza asisikie kitu, na mtoto aliyelala miguuni pake akawa anazimia.

Ukiona mijusi, wadudu au ndege waliokufa shimoni, ondoa watoto. Kama mtoto amelegea ndani ya shimo, usishuke kwa pupa ukainama kumwamsha, wengi wamefuatana hivyo. Piga kelele upate watu, mvuteni kutoka juu kwa kamba au mti, mpelekeni mahali palipoinuka penye upepo, hata kama upepo ni wa baridi. Baridi tutaimaliza baadaye.

Dalili hizo hizo zikianza nyumbani, jioni, mmefunga mlango na mbabula ya makala iko katikati ya chumba ili watoto waliolowa wapate joto, basi ni moshi usioonekana wa makala, ule usio na harufu. Huo hautuami chini, unajaa chumba chote. Toeni watu nje kwanza, mbabula baadaye. Na makala yawashwe uani; kinachoingia ndani ni maji yaliyochemka, yakiwa kwenye chupa.

"Papa, turudi majini?"

Kwangu anarudi kama amekauka kabisa, mikono na miguu ina joto ukigusa, ameacha kutetemeka kwa nusu saa nzima, amekula, na jua bado lipo. Mara ya pili huwa fupi kuliko ya kwanza, dakika kumi. Aliyeshindwa kipimo cha vidole harudi siku hiyo.

Sasa wamekariri kipimo chenyewe. Kabla sijafungua mdomo, wote watano wamenyoosha mikono inayochuruzika maji, dole gumba juu ya kidole kidogo, na yule mdogo anasaidia cha kulia kwa mkono wa kushoto akidhani sioni.